Walimu wa ujenzi warudi ku shantie

Mwezi wa saba na wa nane, masomo inafungwa. Kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ni wakati ule ule kila mutu anajenga. Mvua imekwisha tangu mwezi wa nne, itarudi karibu na mwezi wa kumi ao wa kumi na moja, na mwenye kiwanja anajua kama asipoweka malata mbele ya mvua, kazi yake ya mwaka muzima itaharibika. Mu kila kartie mupya unaona lori za muchanga, unaona tanuru za matofali zinatoa moshi, unaona vijana wanabeba simenti ku mabega. Na walimu wanaofundisha ujenzi mu masomo yetu ya ufundi? Wako nyumbani, wanangojea mwezi wa tisa. Mumoja analima, mwingine anauzisha unite za telefone, mwingine anatafuta watoto wa kufundisha hesabu kwa saa. Shantie iko mita mia moja na nyumba ya mwalimu, na hakuna mutu aliyemuita aingie.

Sisi tunaona kama pale ndipo penye shida kubwa ya ufundi wa ujenzi mu inchi yetu. Watu wanazungumuza sana juu ya vijana: wanasema hawapendi kazi ya mikono, wanataka tu biro na kravati. Wanazungumuza juu ya atelie zisizo na vyombo. Kuna ukweli mu maneno hayo. Lakini juu ya mwalimu, mutu ambaye kila kitu kinapita mu mikono yake, hatusikii kitu. Tuseme basi juu yake.

Mwalimu wa ujenzi anatoka wapi? Mara nyingi yeye mwenyewe alisoma ujenzi ku sekondari, akapata Diploma ya Serikali. Wengine wanaendelea ku ISTA, ku IBTP ao ku masomo ya juu ya kuzoeza walimu wa ufundi, halafu wanarudi mu darasa. Mwalimu aliyemufundisha alipita njia ile ile. Kwa hiyo tunaweza kuwa na vizazi viwili ao vitatu vya walimu waliojifunza ukuta ku ubao mweusi na wakaufundisha ku ubao mweusi. Mu atelie, wanafunzi 40 ao 50 wanagawana mwiko kidogo na nivo moja. Wanapanga matofali na udongo kwa nafasi ya simenti, ili ukuta ubomolewe na matofali yatumike tena kesho. Hiyo si mubaya kwa kuzoeza mukono. Lakini mutoto anaweza kumaliza miaka yake ya masomo bila kuona simenti inakauka, bila kufunga kofraji ya nguzo, bila kusimama juu ya dale siku ya kumwanga beto. Ku mwisho anapita mbele ya juri ya pratiki, anajibu vizuri, anapata diploma.

Mwalimu mwenyewe hana kosa. Anatoa kile alichopewa. Na mushahara tunaoujua wote haumuruhusu kununua hata helmeti.

Tutoe mufano mumoja ili kila mutu aelewe uzito wa jambo hili, hata asiyekuwa fundi. Kila mwanafunzi wa ujenzi anajua kwa kichwa: beto yenye vyuma inahitaji kilo 350 za simenti kwa metre kibe moja, maana yake mifuko 7 ya kilo 50. Anaandika hiyo ku mutihani, anapata pointi zake. Ku shantie mambo ni mengine. Simenti inapimwa kwa mifuko, muchanga kwa brueti, na brueti moja inajazwa sana, ingine kidogo. Beto ikiwa nzito, kijana anayeichota anachoka, anasema: "Yaya, ongeza mayi." Wanaongeza. Beto inatelemuka vizuri, kazi inaenda mbio, kila mutu anafurahi. Lakini yale maji ya kuongeza ndiyo yanaondoa nguvu ya beto: yakikauka yanaacha matundu madogo ndani, na beto ile haitapata tena nguvu iliyoandikwa ku plani, hata simenti ingekuwa ya kutosha.

Kisha kuna jua letu. Mwezi wa nane na wa tisa, upepo na joto la Katanga vinakausha beto upesi. Beto inaomba kumwangiliwa maji kila siku, karibu juma moja kwa uchache, na wainjinia wanapima nguvu yake kamili ku siku ya 28. Lakini mbao za kofraji zinakodishwa, mwenye mbao anazihitaji ku shantie ingine, na mwenye nyumba anahesabu feza. Wanatoa mbao mbele ya wakati. Mwalimu aliyekwisha kusimama pale, aliyekwisha kubishana na shefu wa shantie juu ya mbao zile, anaweza kufundisha kijana namna ya kusema hapana, na namna ya kupanga kazi ili mbao zitoshe. Mwalimu aliyesoma tu siku 28 mu kitabu atasema siku 28. Kijana ataandika siku 28. Ku shantie atafanya kama wengine wanavyofanya.

Ndiyo maana mvua inapoanza tunasikia kila mara habari za ukuta ulioangukia watu. Tunalia, tunazika, kisha tunasahau mpaka mvua ingine. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tunajenga ukuta kila mwaka, na ufa uko mu darasa.

Tulikuwa na njia, ikakatika

Wakubwa wa huku wanakumbuka kama mambo hayakuwa hivi sikuzote. Union Minière ilizaliwa mwaka 1906. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Élisabethville mwaka 1911, na kufundisha kazi za mikono ilikuwa mu kazi yao tangu mwanzo. Kampuni kubwa, na kisha Gécamines, ilizoeza vijana wake yenyewe: mutoto alijifunza karibu na fundi, na alijua atatumika wapi siku akimaliza. Hatusemi kama wakati wa mukoloni ulikuwa muzuri. Mweusi alifundishwa mpaka pale muzungu alipotaka, na hapana kupita. Lakini njia ya kutoka ku darasa mpaka ku kazi ilikuwa wazi, na aliyefundisha alikuwa mutu wa kazi.

Gécamines ilipoanguka, njia ile ilianguka nayo. Mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa ile iliyoitwa "kuondoka kwa kujitolea". Watu wamezungumuza sana juu ya feza waliyopewa na maisha yaliyofuata, na wako na haki. Lakini waliondoka pia na ujuzi: waashi, maseremala, mafundi wa umeme, wa mabomba, wa kuunganisha vyuma. Aliyekuwa na miaka 45 mwaka ule, leo amepita 65. Wengine wamekwisha kufa. Wale wanaobaki wako mu kartie zetu, wanaitwa tu "papa fundi", wanatengeneza mulango wa jirani. Masomo haiwezi kuwaandika sawa walimu, sababu hawana diploma inayoombwa. Kwa hiyo tuko na walimu wenye diploma wasiojua shantie, na mafundi wanaojua shantie wasioweza kuingia mu darasa. Kila mwaka unaopita, hesabu ya wale wa pili inapunguka, na hakuna maktaba inayohifazi kile kilicho mu mikono yao.

Kazi iko, vijana wako, njia haiko

Mutu atasema: kazi ya kujenga ni kidogo. Hapana. Mu Lualaba na Haut-Katanga, migodi inajenga kambi, atelie, barabara, mabwawa. Mwaka 2017 sheria ilisema kama kazi za sutretansi ni za kampuni zenye mutaji wa Wakongomani. Mwaka 2024, serikali na Wachina wa Sicomines walitengeneza upya mapatano yao ya mwaka 2008, wakaweka dola milyari 7 kwa ajili ya miundombinu, zaidi barabara. Mupango wa maendeleo wa wilaya 145 unajenga masomo na vituo vya afya mpaka mu vijiji vya mbali.

Sisi tunauliza neno moja tu juu ya hizi shantie zote: zikimalizika, zitaacha mafundi wangapi nyuma yao? Barabara ikiharibika baada ya miaka kumi, nani atajua kuitengeneza? Sheria ya mwaka 2017 ilifungulia mulango kwa bosi Mukongomani, na tunaishangilia. Lakini mulango wa bosi si mulango wa mufanyakazi. Kampuni inaweza kuwa ya mutoto wa inchi, na bado ikaita watu wa inja kwa kazi ya kupima, kuunganisha vyuma ao kuweka umeme, na kuacha kijana wa kwetu abebe brueti tu.

Wakubwa wa kampuni wanajibu: "Sisi tunalipa INPP." Ni kweli, na iko ku sheria. INPP iliundwa mwaka 1964, na kila mwenye kuandika watu ku kazi anailipa kufuatana na mishahara anayotoa: asilimia 3 kwa kampuni yenye watu mpaka 50, asilimia 2 kwa yenye watu 51 mpaka 300, na asilimia 1 kwa yenye kupita 300. Kwa hiyo feza ya kuzoeza watu inatoka kila mwezi. Bosi anayelipa ana haki ya kuuliza inazaa nini. INPP nayo imefanya kazi: kwa musaada wa Wajapani wa JICA, ilipata majengo na mashine mu Kinshasa na hapa Lubumbashi, na wafundishaji wake wakazoezwa. Lakini INPP peke yake haiwezi kubeba masomo yote ya ufundi ya inchi. Na mashine nzuri mu atelie nzuri bado si shantie.

Masomo yetu nayo inajibu: "Sisi tunatuma wanafunzi ku staji." Tunajua ile staji. Ni majuma machache. Kijana anafika na barua, shefu hana wakati wake, anamutuma kununua maji na mikate, anamuachia kufagia depo. Ku mwisho anaomba muhuri, anarudi nyumbani, anakopia raporo ya yaya yake wa mwaka uliopita. Mwalimu hakufika hata siku moja kumuona, sababu transporo hakuna. Kila upande umetimiza karatasi yake, na hakuna aliyejifunza.

Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inajua kitu kingine, kinachoitwa mukataba wa kujifunza kazi. Unaandikwa. Bwana wa kazi anajifunga kumufundisha kijana kazi yote, na kijana anajifunga kufuata. Kati ya mukataba ule na staji kuna tofauti kubwa: staji inaomba kijana apokelewe, mukataba unaomba afundishwe. Sheria iko. Ni watu wachache wanaoitumia mu kazi ya kujenga.

Tunaomba mambo manne

La kwanza, na kwetu ndilo kubwa: kila mwalimu wa ujenzi apitishe mwezi mumoja ku shantie, mwezi wa saba ao wa nane, kila mwaka wa pili kwa uchache. Kalenda yetu inakubali, kwa sababu wakati masomo imefungwa ndio wakati shantie zimejaa. Asiende sawa mugeni mwenye kalamu. Avae viatu vya kazi, apime, afunge vyuma, amwange beto, aone kile kinachogeuka tangu alipomaliza masomo: vyombo vya kupima vya leo, nguzo za chuma, matofali ya simenti yanayochukua nafasi ya matofali ya udongo wa vichuguu yaliyomaliza miti yetu. Na alipwe kwa mwezi ule. Mwalimu hawezi kuacha shamba lake bure. Kampuni ikimulipa, feza ile ihesabiwe mu kile inachotoa kwa INPP. INPP na FEC wakae meza moja, wapatane namna ya kuihesabu.

La pili: papa fundi aingie mu darasa. Siku mbili kwa juma, alipwe kwa saa, bila kuombwa diploma ambayo hakuna aliyemupa wakati wake. Lakini naye apate mafunzo mafupi mbele ya kuanza, sababu kujua kazi na kujua kufundisha ni vitu viwili. Tunajua mafundi wakubwa wanaojibu kila swali kwa kusema "angalia tu", na kijana anaangalia mwaka muzima bila kuelewa juu ya nini. Fundi anayefundisha lazima ajue kukata kazi vipande vipande, kusema sababu, na kuacha mutoto akosee pale ambapo kosa haliui mutu. Mwalimu na fundi wakifundisha pamoja, kila mumoja atamufunza mwenzake.

La tatu: serikali ya jimbo ianze na shantie zake yenyewe. Inapotoa kazi ya kujenga masomo, soko ao barabara, iandike mu mukataba hesabu ya vijana wa kujifunza: tuseme kijana mumoja kwa wafanyakazi kumi. Migodi nayo iombe hivyo kwa kampuni inazozipa kazi. Na iandikwe wazi nani analipa helmeti, viatu na munganga kijana akiumia. Mabosi wengi wanakataa vijana juu ya woga huo, na hawana kosa: shantie ni mahali pa hatari. Woga unapunguka pale kila mutu anajua deni lake.

La ine: kila kijana awe na kitabu cha kazi. Kazi moja, ukurasa mumoja: kupima kiwanja, kuchimba musingi, kufunga kofraji, kupinda vyuma, kumwanga beto, kupandisha ukuta, kuweka malata, kupitisha mabomba. Fundi aliyemuona akifanya anatia sahihi, mwalimu anatia sahihi. Siku ya mutihani, juri ianze na kitabu kile. Na kijana aliyejifunza kwa mujomba wake tangu miaka kumi na mitano, bila kukanyaga masomo ya ufundi, aweze kuleta kitabu chake pia, apimwe, apewe karatasi. Tusisahau kama sehemu kubwa ya muji wetu imejengwa na watu wa namna ile. Tukiwaacha inje ya mupango, tutakuwa tumepanga kwa watu wachache tu.

Kwa wale wenye mashaka

Kuna bosi mudogo, mwenye wafanyakazi watano, atakayesema: "Nikimufunza leo, kesho anafungua yake, ananinyanganya bakliya." Tunamuelewa. Lakini bosi huyo huyo analia kila siku juu ya kukosa fundi wa kuaminika. Anajenga ukuta mara mbili, ya kwanza imepinda, ya pili kwa feza yake mwenyewe. Kijana aliye na mukataba wa maandishi anakaa mpaka mwisho wa mukataba, na mu mwaka wa mwisho kazi yake inalipa ule wakati wa kwanza alipokuwa anaharibu matofali.

Kuna muzazi anayesema: "Mutoto wangu nimemusomesha, leo unasema abebe mwiko?" Kwa papa na mama hawa tunajibu kwa heshima: angalieni mikono inayoitwa wakati nyumba ya mukubwa inavuja. Fundi wa umeme anayejua kazi yake hakai wiki mbili bila kuitwa. Kile kilichoshusha kazi ya ujenzi mu macho yetu ni sisi wenyewe, pale tulipoifanya shimo la kutupia watoto walioshindwa kwingine. Mutoto akikosa pointi, tunasema: "Umupeleke tu ku kazi ya mikono." Kisha tunashangaa dale inapasuka. Kupima nguzo kunaomba hesabu na kusoma plani kunaomba akili. Tupeleke kule watoto wenye akili pia.

Na kuna mwalimu atakayesema kama tunamuongezea mateso. Hapana. Tunaomba alipwe, na tunaomba aheshimiwe sawa mutu wa kazi. Leo mwanafunzi mwenye baba fundi anaweza kumusahihisha mwalimu wake mbele ya darasa, na mwalimu anabaki kimya. Haya ile hatumutakii mutu.

Hatuombi inchi muzima ianze kesho. Tuanze na muji mumoja, masomo tano, shantie kumi. Lakini jambo hili linaomba kupangwa mapema. Wakurugenzi wa masomo, INPP na FEC wakikutana mwezi wa sita, itakuwa imechelewa: mwalimu atakuwa amekwisha kupata kazi ya likizo, na bosi atakuwa amekwisha kupanga watu wake. Wakutane mbele ya Pasaka, waandike majina ya walimu, majina ya shantie na kiasi cha kulipa. Mwezi wa tisa, masomo ikifunguliwa, tutaenda kuuliza ni wangapi walienda na walileta nini mu darasa.